Msichane Viriba

Mbuzi walichukuliwa asubuhi, kabla hawajamaliza kukamuliwa. Mama Miche alikuwa amechuchumaa chini ya yule jike mweupe mwenye baka jeusi usoni, sufuria ikiwa katikati ya magoti yake, alipoona viatu. Viatu vya askari wa kata havifichiki: juu vinang'aa kwa rangi, chini vinacheka.

"Inuka, mama," askari alisema. "Hawa wanakwenda ofisini."

"Kufanya nini ofisini? Wameitwa kwenye usaili?"

Askari wa pili, kijana bado, alicheka, kisha akakumbuka kuwa yuko kazini. Wa kwanza hakucheka. "Wamekula miche ya serikali. Kilima kizima kimebaki mashimo matupu. Mwenye mbuzi yuko wapi?"

Mwenye mbuzi alikuwa mumewe, ambaye mtaa ulimpa jina la Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani. Alitoka ndani huku akifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akawasalimia askari kama vile wamekuja kumjulia hali.

"Mbuzi wangu wanafungwa kamba," alisema. "Tangu kilima kifungwe kwa mifugo hawajakanyaga kule. Majani nawakatia mwenyewe nawaletea hapahapa. Muulizeni yeyote."

"Utayaeleza mbele ya mtendaji."

"Nani kasema ni wangu waliokula?"

"Mzee, sisi tumetumwa tu. Mjumbe hauawi."

Majirani walikuwa wameshatoka. Mama Genge, aliyekuwa akiuza nyanya, vitunguu na habari za watu, alisimama kwenye ua wake na ufagio mkononi. "Mbuzi hao hao ndio wamemaliza kilima kizima?" alipaza sauti. "Basi wana matumbo ya wabunge!"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufungua kamba. Mbuzi walivutwa hadi barabarani, wakilia na kugeuka nyuma, na yule jike mweupe alikwenda maziwa yakimdondoka njia nzima. Askari walisema Taratibu naye afuatane nao. Alivaa viatu, akamgeukia mkewe.

"Nenda kwa ndugu yako," alisema. "Hili liko ofisini kwake. Halitamshinda."

*

Ndugu yake alijulikana kata nzima kwa jina la Bwana Mazingira. Ndiye aliyekuwa ofisa wa miti, wa vyanzo vya maji, wa taka na wa kila kitu kilichoota au kuoza. Kwa Mama Miche alikuwa mdogo wake tu. Wazazi walipoondoka duniani ni yeye aliyembeba mgongoni, na ni yeye aliyeacha shule ili huyu aingie. Hakuwa na haja ya kuwatangazia watu hayo, maana mdogo mtu mwenyewe ndiye aliyeyasema kila alipokuja kula. Na alikuja mara nyingi. Hakubisha hodi, aliingia kwa mlango wa jikoni, akafunua chungu, akauliza, "Leo Dada umetuwekea nini?" Ulikuwa mlango wake.

Ni kwa mlango huohuo aliingia na habari za mradi. Serikali ilikuwa imetenga fedha za kurudisha miti kilimani na kuwaondolea watu umaskini, yote mawili kwa mpigo. Kina mama wangeotesha miche, serikali ingeinunua. "Ng'oa mboga, Dada," alisema huku akitafuna. "Mchicha unakulisha leo. Miche itakulisha miaka." Kulikuwa na sharti moja tu: mche ungelipwa ukishashika kilimani, siyo kabla, ili watu wasipande ovyo ovyo. Sharti hilo lilionekana la haki kabisa.

Aling'oa mboga. Wenzake walipoona dada wa ofisa ameng'oa, nao wakang'oa zao, na tangu hapo wakamwita Mama Miche. Viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea, viliahidiwa na mradi na havikufika. Kina mama wakaokota mifuko ya unga iliyotumika, wakaitoboa chini, wakaijaza udongo. Mama Miche alifunga kila mfuko wake katikati kwa vitambaa alivyochana kutoka gauni la shule la binti yake, lililokuwa limeshambana kwapani. Lilikuwa la miraba ya buluu. Msimu mzima walibeba maji kichwani kuipa miche, watoto wao wakioga nusu ndoo.

Ikafika siku ya uzinduzi, hema na viti na mheshimiwa. Mafunzoni Bwana Mazingira mwenyewe ndiye aliyewafundisha: chana kiriba, mche uingie shimoni na udongo wake, mizizi ipate njia. Lakini asubuhi ile alimvuta dada yake pembeni.

"Waambie kina mama leo wasichane viriba."

"Tupande na mifuko?"

"Ardhi ni kavu, Dada. Kiriba kinashika maji. Mvua ikianza tutarudi tuvichane vizuri."

Akawaambia. Mama Genge alisimama na mche mkononi, akauliza tangu lini mtu akaenda kulala na viatu. Mama Miche alimkata mbele ya wote: "Msomi ni yeye au wewe?" Mama Genge akanyamaza, wakapanda, mheshimiwa akapiga picha. Siku chache baadaye kilima kilikuwa mashimo matupu. Walidhani ni wezi. Bwana Mazingira alikuja, akatikisa kichwa, akasema uchunguzi unaendelea. Sasa uchunguzi ulikuwa umewakuta mbuzi.

*

Ofisini, karani wa mapokezi hakuinua macho. "Una miadi?"

"Mwambie ni dada yake."

"Mama, kila anayekuja hapa ni dada yake. Kaa pale."

Alikaa kwenye benchi. Wenye mabegi walipita, wenye funguo za gari walipita, kijana aliyeleta chupa za maji alipita na kurudi. Alikuwa hajanywa hata chai, na kandambili zake zilikuwa na vumbi hadi akazificha chini ya benchi. Mara mlango ukafunguliwa, akatoka mdogo wake na wageni wawili waliovaa vitambulisho shingoni. Aliinuka. Akatabasamu kabla hajajizuia.

Bwana Mazingira alimwona, na kitu kikapita usoni mwake upesi. Kisha akawageukia wageni, akanyoosha mkono kama anayeonyesha bidhaa. "Na huyu ni mmoja wa wanufaika wetu," alisema.

Wageni wakamshika mkono mnufaika. Mmoja wao alimuuliza kama maisha yamebadilika. Alijibu kwamba yamebadilika, na hapo hakusema uongo.

Wageni walipoondoka, ndugu yake alimchukua hadi nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji. "Dada, si ungepiga simu?"

"Shemeji yako wamemshika. Mbuzi wamechukuliwa."

"Najua."

"Unajua?" Alimtazama. "Basi waambie. Wewe kula yako yote unakulia pale nyumbani, umewaona wakifungwa kamba. Waambie hawakula."

Bwana Mazingira aligusa bomba la tangi kama anayetaka kujua kama limekaza.

"Miche iko wapi?" aliuliza dada. Hakujua kwa nini swali hilo limemtoka, lilimtoka tu.

"Iko salama."

"Salama wapi?"

"Dada, punguza sauti. Iko kilima cha upande wa pili. Kulikuwa na uzinduzi kule pia."

Mama Miche alisimama pale jua likimchoma utosini. Alikumbuka mdomo wake mwenyewe, akipita mstari kwa mstari, akiwahimiza wenzake, msichane viriba, msichane viriba. Mche ulio ndani ya kiriba huung'oi. Unauinua tu, kama sufuria jikoni, ukauweka mahali pengine.

"Uliniambia mvua," alisema.

"Nisikilize." Sasa alikuwa anasema haraka, sauti ya mtoto aliyevunja kitu. "Fedha za mazingira zikitoka juu huwa nyingi. Ukizisikia redioni utadhani tutalala msituni. Lakini zinapita. Hapa semina, pale posho, pale magari, pale fulana na kofia. Kila mkono unanawa humohumo. Mimi ni wa mwisho kwenye foleni, Dada. Kinachonifikia ni miche ya kilima kimoja, na ripoti inataka vilima vyote viwe kijani. Nikisema haipo, nimewachongea wakubwa. Wataniondoa mimi, na wao watabaki."

"Kwa hiyo ukasema mbuzi."

"Sikutaja mtu! Niliandika mifugo. Mtendaji ndiye aliyeuliza mifugo ya nani, na pale chini ya kilima mwenye mifugo ni mmoja."

"Wewe ni wa mwisho kwenye foleni?"

"Wa mwisho kabisa."

"Geuka nyuma yako uone."

Hakugeuka. Alisema Taratibu angetoka siku hiyohiyo, ilimradi akubali kosa tu. Akikubali hakuna kesi, hakuna mahakama. Dada akauliza, na mbuzi je? Ndugu yake akatazama viatu vyake, akasema sheria ndogo za hifadhi zinataka wapigwe mnada. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaikunja kama watu wanavyokunja noti ya aibu. "Nauli, Dada. Usiende kwa miguu na jua hili."

"Weka," alisema Mama Miche. "Utanunulia viriba."

*

Taratibu alirudi kabla ya jua kuzama. Alivua viatu mlangoni, akavikung'uta, akavipanga, na mkewe alijua kwa kupangwa kule kwamba kuna neno.

"Nimekubali," alisema.

"Umekubali nini?"

"Kwamba walikula."

"Walikula?"

"Hawakula." Akaketi. "Waliniambia nikikataa watafungua uchunguzi upya. Nikauangalia uchunguzi wenyewe utakapoishia, nikaona unaishia kwa ndugu yako. Nikajisemea, nikimfungisha ndugu yako, chakula nitakachopewa humu ndani kitapita kooni? Nikaweka dole gumba."

Mama Miche alikaa kwenye kigoda polepole. "Ndugu yangu ameingiaje? Mimi mwenyewe nimeyajua leo, nyuma ya tangi."

Hapo Taratibu akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kushtuka. Kumbe hata askari hawakuwa wamemshtua. "Leo?" alisema. "Wewe umejua leo?"

"Wewe ulijua lini?"

"Niliwaona wakipakia. Asubuhi ile niliyokwenda kukata majani mapema. Lori la ofisi, vijana wanainua miche mmoja mmoja, na yeye amesimama anawaambia waishike kwa chini isimwage udongo." Alikuna kiganja. "Nikarudi. Sikusema kitu. Nilidhani unajua. Wewe si ndiye uliyekuwa ukiwaambia watu wasichane?"

Jikoni chungu kilichemka, kikamwagika, moto ukalia. Hakuna aliyeinuka.

"Siku zote hizo," alisema mke, "umelala ubavuni kwangu ukidhani mimi ni mwizi."

"Sikudhani mwizi," Taratibu alijibu. "Nilidhani dada."

Mama Miche alikuwa amelia kidogo njiani akitoka ofisini, kilio cha hasira, kikaisha. Hiki kilikuwa kingine. Ndugu yake alikuwa amemuuza, na mumewe alikuwa amemhesabu katika wauzaji, tena bila kumlaumu, kwa upendo kabisa. Alitamani angemlaumu.

*

Mnada ulifanyika sokoni. Mama Miche hakwenda. Taratibu alikwenda, kwa sababu mbuzi wasio na mtu wanayemjua huwa hawatulii, na asiyetulia hupigwa. Aliwashika kamba mmoja mmoja wakati wakiuzwa. Mchinjaji alichukua wengi. Yule jike mweupe alichukuliwa na dereva wa ofisi. Taratibu akamweleza dereva kwamba huyo ana maziwa na akamuliwe asubuhi na jioni, dereva akasema sawa, sawa, akamtupa nyuma ya gari.

Mtaani mambo yalikuwa yamegeuka. Hakuna aliyemtukana Mama Miche, ingekuwa afadhali. Alipofika bombani mazungumzo yalikatika, na aliposalimia aliitikiwa salamu bila nyongeza, hakuulizwa za nyumbani. Wenzake hawakuwa na mboga, hawakuwa na miche, na hawangelipwa kitu, kwa sababu mche hulipwa ukishashika na yao ilikuwa imeliwa. Kwa mbuzi wa nani? Wa mume wa Mama Miche, na mwenyewe amekubali kwa dole gumba.

Ndipo jioni moja akasikia mlango wa mbele.

"Hodi!"

Sauti aliijua, lakini mlango haukuwa wake. Alifungua. Bwana Mazingira alikuwa amesimama barazani na shati la kuchomekea, mikono imeshikana mbele kama mchumba aliyekuja kujitambulisha.

"Tangu lini wewe unabisha hodi hapa?"

"Sikujua kama..." Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia maishani. Aliuliza habari za binti, za shemeji, za afya. Hakuuliza kuna nini kwenye chungu. Kisha akasema lililomleta. Kutakuwa na uzinduzi wa pili kwenye kilima chao, mheshimiwa atarudi mwenyewe, na miche mipya imepatikana kufidia ile iliyoliwa na...

"Na nani? Malizia."

"Dada, usinifanyie hivyo." Alipangusa uso. "Nahitaji kina mama waje. Wewe ukiwaita watakuja. Awamu inayokuja nitahakikisha wewe ndiye msimamizi wa vitalu vyote. Nakuapia. Nataka nirekebishe."

"Baada ya hapa kuna kilima kingine?"

"Jumatatu."

"Basi tusichane viriba."

Alimtazama dada yake, akashusha pumzi, na mabega yake yakalegea kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alidhani amesamehewa. "Umenielewa, Dada. Nilijua utanielewa."

Alipoondoka, Mama Miche alijifunga kitambaa kichwani, akavuka ua hadi kwa Mama Genge, akamwambia yote: tangi, lori, kilima cha pili, dole gumba la mumewe. Hakujitetea. Mama Genge alisikiliza huku akipanga nyanya, zilizooza chini, nzuri juu.

"Kumbe," alisema mwishoni. "Basi nami nakuuliza. Msomi ni yeye au mimi?"

"Ni wewe."

"Nilitaka tu kusikia." Akapangusa mikono. "Haya. Unataka nini?"

"Una wembe?"

*

Siku ya uzinduzi wa pili hema lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, pengine kwa sababu aibu ilikuwa kubwa zaidi. Kulikuwa na bango, kulikuwa na fulana za kijani kwa wote ila kina mama, ambao ziliwaishia. Nyuma ya hema wapishi walikuwa wamewasha moto, na harufu ya nyama ilitangulia hotuba. Kwenye uzio ngozi ilikuwa imetundikwa, nyeupe, na upande wa kichwani ilikuwa na baka jeusi.

Taratibu aliiona. Alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaja akaketi karibu na mkewe.

"Wamemchuna vibaya," alisema.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema uharibifu wa mazingira na umaskini ni watoto pacha, ukimbembeleza mmoja mwingine analia. Alisema fedha za umma zitalindwa kama mboni ya jicho. Alisema mifugo holela haitavumiliwa, na watu wakageuka kumtazama Taratibu, naye akaangalia mikono yake. Bwana Mazingira alipiga makofi mahali pote palipotakiwa.

Kisha turubai la lori likafunuliwa.

Miche ilishushwa kwa mikono, ikapangwa chini mstari kwa mstari. Ilikuwa imechoka. Mingine ilibakiza majani mawili, mingine ilikuwa fimbo tu, na mizizi ilikuwa imetoka kwenye matundu ya chini ikajizungusha kutafuta pa kwenda. Kina mama waliikaribia, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kuongea. Mfuko wa unga mtu akiutoboa mwenyewe huujua. Mama Miche alisogea hadi akaona vitambaa. Miraba ya buluu, imefifia kwa jua, fundo alilolifunga kwa meno bado limekaza. Lile gauni binti yake alilivaa siku ya kwanza ya shule.

Alichukua mche, akaenda kwenye shimo la kwanza, mbele kabisa ya hema. Akapiga magoti. Akatoa wembe kwenye upindo wa nguo, akakata kitambaa, akachana kiriba kutoka juu hadi chini. Udongo ukamwagika kidogo, akauzuia kwa kiganja. Akalegeza mizizi iliyojikunja, akauweka mche, akafukia, akashindilia kwa ngumi.

Mama Genge alikuwa kwenye shimo la pili, akichana. Halafu la tatu, la nne. Wengine hawakuwa na wembe. Walitumia kucha, walitumia meno. Kwa kitambo kilima kizima kilikuwa na sauti moja tu, ya nailoni ikichanika.

Bwana Mazingira alikuja akitembea upesi bila kukimbia, kwa sababu wakubwa walikuwa wanatazama. Akainama kana kwamba anamsaidia kushindilia udongo. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lilikuwa limesahauliwa hapo. "Dada. Dada, simamisha. Tuliongea."

"Tuliongea mafunzoni pia. Ulisema mizizi ipate njia."

"Utaniua."

"Mimi napanda miti, mdogo wangu. Si ndiyo niliyoitiwa?"

Kivuli kikawaangukia. Mheshimiwa alikuwa amefika na wapiga picha wake, akiwa ameridhika na kila kitu. "Safi kabisa!" alisema. "Mnaona? Watu wengi hupanda na nailoni, halafu wanashangaa mti haukui. Huyu mama amefundishwa vizuri. Nani aliyemfundisha?"

"Huyu hapa," alisema Mama Miche. "Ni ndugu yangu."

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa alimpa ofisa mkono, kisha akaomba wembe. Alichuchumaa kwa shida, tumbo likimzuia, akachana kiriba cha kwanza mbele ya kamera, na kwa sababu picha ilikuwa nzuri akachana cha pili, na cha tatu, akaagiza maofisa wote waliokuwepo washuke kutoka hemani kila mmoja achane. Wakashuka. Bwana Mazingira naye alipewa mche. Alichana kiriba akiwa amekishika kwa mikono miwili, na alipomaliza alibaki na kile kitambaa cha buluu kidoleni, hajui akitupe wapi.

Wageni walipokwenda kula, alimfuata dada yake mtelemkoni. Fulana yake ya kijani ilikuwa imelowa jasho. Sasa hakutabasamu.

"Lori linapaswa kuondoka kesho," alisema. "Jumatatu nitapanda nini kule? Nitawaambia nini?"

Mama Miche aliinama, akaokota mfuko mtupu, akaukunja.

"Waambie mbuzi wamekula," alisema.

*

Mvua ilichelewa. Miche mingi ilikufa, kwa sababu mzizi uliozoea kujizungusha haunyooki kwa kuambiwa, na uliopandwa kiangazi huomba Mungu. Malipo hayakuja, ofisi ilisema yatakuja iliyobaki ikishika. Taratibu, ambaye hakuwa na mbuzi wa kukatia majani tena, alianza kupanda kilimani kila jioni na ndoo ya maji, na mtu alipomuuliza anakwenda wapi alijibu kwamba anakwenda kulisha. Baadaye mkewe akaanza kwenda naye, kila mmoja na ndoo yake. Hawakuzungumza mengi njiani. Neno lile la dada lilikuwa bado liko kati yao, na walilizunguka kama jiwe.

Mama Miche aliweka komeo kwenye mlango wa jikoni. Hakuwa nalo kabla. Alilinunua, fundi akalipigilia.

Jioni moja walikuwa wakila, binti, mume na yeye, mlango wa mbele ulipogongwa. Walikuwa wameshasikia mtaani kwamba Bwana Mazingira amehamishwa. Walijua ni nani.

"Hodi," ilisema sauti.

Binti alimwangalia mama yake. Taratibu aliacha tonge njiani.

"Hodi, Dada."

Mama Miche alisogeza bakuli la mboga kwa binti, akamwambia ale, chakula kinapoa. Chungu kilikuwa na ziada. Mkono wake bado ulikuwa unapika kwa ajili ya mtu mmoja zaidi na hakujua jinsi ya kuuzuia.

Hodi ya tatu ilipigwa kwa sauti ndogo sana, karibu isisikike. Kisha wakasikia viatu vikishuka barazani. Havikuondoka moja kwa moja. Vilizunguka nyumba hadi nyuma, vikasimama mbele ya mlango wa jikoni, na mkono ukausukuma mlango ule kama ulivyozoea, bila kugonga. Komeo lilishika.